Nacheza na wanangu mvuani: je, furaha hii ina ubaya?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh wangu. Mimi ni mama wa watoto wanne. Tulikuwa tunakaa Dar es Salaam, nyumba kubwa ya kupanga, magari mawili, na mikopo isiyokwisha. Mimi na mume wangu tulikubaliana tukauza gari moja, tukalipa madeni, tukahamia Pangani kwenye nyumba ndogo yenye ua. Tangu hapo nafurahi hadi najishangaa. Jioni nacheza rede na wanangu kwa mpira wa soksi, na mvua ikishuka tunatoka wote uani kuoga. Wifi yangu alikuja kututembelea akanikuta nimelowa chapachapa. Akasema mtu mzima hafanyi hivyo, na kwamba Allah amesema hawapendi wanaofurahi. Mtoto wangu mkubwa naye ananung'unika kwamba tumeshuka. Je, nina dhambi? Na nguo ikiingia tope la uani, swala inasihi?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu.

Aya aliyokusomea wifi yako ipo, ni ya 76 katika Suratul Qasas, ila ameichomoa mahali pake. Ni maneno ya watu wa Qarun wakimwambia yeye Qarun, ambaye funguo za hazina zake peke yake zilielemea kundi la watu wenye nguvu. Alikuwa akijigamba kwa mali na kuwadharau wenzake, ndipo wakamwambia asifurahi namna hiyo. Na katika aya inayofuata wakamwambia asisahau fungu lake la dunia. Kisha fungua Suratu Yunus, aya ya 58, uone Allah anavyoiamrisha furaha yenyewe: "Sema: Kwa fadhila ya Allah na rehema yake, basi kwa hayo na wafurahi. Hayo ni bora kuliko wanayoyakusanya." Qarun alifurahia alichokusanya. Wewe umefurahi baada ya kupunguza. Sioni aya yake inakuhusu vipi.

Hiyo mvua sasa. Anas bin Malik (r.a.) anasimulia kwamba walinyeshewa wakiwa pamoja na Mtume (s.a.w.), naye akaifunua nguo yake kidogo mpaka maji yakampata mwilini. Wakamuuliza kwa nini amefanya hivyo. Akasema ni kwa sababu mvua hiyo imetoka sasa hivi kwa Mola wake. Hadithi hii ameipokea Imam Muslim. Imam Nawawi, katika Minhaj, kitabu chake cha fiqhi ambacho kimesomeshwa katika darsa za pwani yetu kizazi baada ya kizazi, ameandika kwamba ni sunna mtu kuitokea mvua ya kwanza ya mwaka na kufunua kisichokuwa uchi wake ili impate. Kwa hiyo vuli ikianza, dada yangu, anayetoka uani amepata sunna, na aliyebaki barazani akimcheka ameikosa. Nakuongezea sharti moja tu: nguo iliyolowa hushika mwili. Ua uwe umezungukwa vizuri, na asiwepo shemeji wala jirani wa kiume anayekuona.

Kuhusu kucheza na watoto, chukua kisa cha Abu Umayr, mdogo wake Anas. Alikuwa na kindege akikichezea, kikafa. Mtume (s.a.w.) akaingia kwao, akamwona mtoto kanuna, akamuuliza: "Ewe Abu Umayr, kindege kimefanya nini?" Kwa Kiarabu maneno hayo yana vina, yaani alimtungia mtoto mchezo wa maneno ili amliwaze. Kiongozi wa Madina nzima! Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Walikuwepo waliowacheka wanahadithi kwamba wanapokea habari zisizo na faida, wakaitolea mfano hii hii. Ibnul Qass, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafii, akakaa akatoa ndani yake faida 60. Tena Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bi Aisha (r.a.), safari ya kwanza Bi Aisha akamshinda. Baadaye mwili wake ulipoongezeka wakashindana tena, Mtume akashinda, akamwambia: "Hii ni kwa ile." Ameipokea Abu Daud. Nyumba yao ilikuwa ndogo, na Mtume (s.a.w.) huyo huyo aliyecheka humo, Umar (r.a.) alimkuta siku moja alama za mkeka aliolalia zimemtoka ubavuni.

Wifi yako ana hoja moja ambayo siidharau: heshima ya mtu mzima. Wanavyuoni wameijadili sana walipoeleza sifa za shahidi anayekubaliwa mbele ya kadhi. Wametaja kula sokoni na kukithirisha hadithi za kuchekesha kuwa hupunguza muruwa, yaani hiyo heshima ya mtu. Lakini Imam Nawawi amesema jambo hilo hutofautiana kwa watu, hali na mahali. Mama kucheza rede na wanawe ndani ya ua wake hakumpunguzii kitu. Ungeniuliza kuhusu kuicheza katikati ya barabara ya sokoni ningekujibu vingine. Mjibu wifi yako kwa upole, umpikie, wala usimkatie udugu kwa ajili ya neno hilo. Akija tena mpe mpira.

Ninachokuhofia mimi ni kingine. Watu wakipunguza dunia, shetani huwaletea majivuno ya kupunguza: sisi hatuna televisheni, sisi hatununui hiki, fulani na fulani ni watumwa wa mali. Ukijisikia unayasema hayo, jua takaburi imerudi kwa mlango wa nyuma. Na huyo mtoto mkubwa msikilize. Kumpunguzia anasa si dhuluma, kumkatia ada ya shule au matibabu ili ninyi wazee mjione wachamungu ni dhuluma. Mtume (s.a.w.) alimwambia Saad bin Abi Waqqas kwamba kuwaacha warithi wake wakijitosheleza ni bora kuliko kuwaacha mafukara wakiwanyooshea watu mikono. Kipato cha halali endeleeni kukitafuta. Mlichokitupa ni deni na mashindano, na hicho hakina wa kukililia.

Tope la uani asili yake ni twahara, maadamu huna yakini kwamba limechanganyika na najisi. Hata tope la njiani lenye najisi ya yakini, kiasi ambacho ni vigumu kukiepuka kimesamehewa. Ila kama mnafuga kuku humo uani, kinyesi chao katika madhehebu yetu ni najisi. Ukikiona kwenye nguo, kioshe kwanza, au badilisha khanga, ndipo uswali.

Wallahu aalam.