Umeimba kuhusu mama ntilie. Ulimuuliza?

Kila Jumamosi chumba changu cha nyuma, kile nilichopigilia magodoro ukutani nikakiita studio, kinajaa vijana wa Temeke wanaotaka kurekodi "wimbo wa jamii". Ndivyo wanavyouita. Naweza kukutajia yaliyomo kabla hawajasogelea maiki: viongozi wanakula, mnyonge analia, vijana tuamke. Vina vimekaa, sauti ipo, hasira ipo. Sasa uliza: kiongozi gani, amekula nini, nani kakwambia? Kijana anaangalia dari.

Siwacheki. Mwaka 2009 nilikuwa na miaka 23 na nilirekodi wimbo kuhusu mama ntilie wa soko moja la huku kwetu. Nilimwamsha saa kumi alfajiri, nikampulizia moshi wa mkaa machoni, nikaleta mgambo wakapiga teke sufuria la wali, nikamliza. Kiitikio nacho kilikuwa cha kulia. Nilimlipa binti mmoja wa kwaya shilingi elfu tano aje alie vizuri, na kwa kweli alilia vizuri. Nikajiona mwanaharakati.

Wiki mbili baadaye nikaenda kula kwa mama mmoja wa soko lile lile. Nilikuwa mteja wake wa miaka, lakini sikuwahi kumuuliza chochote zaidi ya "bado maharage yapo?" Nikaamkia.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeniliza kwenye simu ya yule kijana wa mkokoteni?"

Nikasema ndiyo, huku natabasamu nikisubiri shukrani.

"Mwanangu, mimi mgambo sijawahi kumlilia. Halafu sufuria hawalipigi teke. Sufuria mali. Wanalibeba, unalifuata, unalipa, unarudi nalo."

Akafuta mikono kwenye khanga, akavuta daftari la shule la mwanawe kutoka chini ya meza, akalifungua kwa nyuma. Kurasa za mwisho zilikuwa zake. Kila siku kijistari kimoja kwa ushuru alioutoa, na pembeni alama ya vema kama alipewa stakabadhi. Ushuru ulikuwa shilingi 300. Mwezi ule vijistari vilikuwa 26. Vema 9. Yaani siku 17, shilingi 5,100, zimeingia mfukoni mwa mtu na hakuna karatasi. Nikainua macho nikahesabu meza za pale, nilipofika arobaini nikaacha, na wali wenyewe ukawa umepoa.

Hiyo ndiyo ilikuwa kero. Nilikaa nayo hatua mbili kwa miaka mitatu, nikienda kuimba moshi.

Usiku ule nilitoa kanda yangu ya zamani, Machozi, Jasho na Damu ya Professor Jay, ya 2001. Wadogo zangu mliozaliwa baada yake, ielewe zama zile: rap ilikuwa bado inaitwa muziki wa wahuni. Joseph Haule, ndiye Jay mwenyewe, alikuwa ametoka Hard Blasters, kundi lililoimba Chemsha Bongo, na sasa amesimama peke yake. Baba yangu, ambaye alikuwa akiniamuru nizime redio, aliiacha kanda ile ikacheza upande wote. Kilichomshika ni wimbo wa Ndiyo Mzee. Jay hahutubii kwamba wanasiasa ni waongo. Anavaa koti la mgombea, anapanda jukwaani, anamwaga ahadi ambazo kila moja inaipita iliyotangulia kwa ukubwa, na umati unaitikia "Ndiyo mzee!" Basi. Unacheka, halafu unajisikia vibaya, maana sauti ya umati ule unaijua, ni yako. Baadaye alikuja na Siyo Mzee, umati ukagoma.

Nimeisikiliza mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu na ushauri wangu wa kwanza kwenu unatoka humo: usinielezee hasira yako, nipe tukio. Mkutano wa kampeni ni tukio. Foleni ya maji ni tukio. "Mfumo mbovu" si tukio, hata ukiupigia kelele kwa vina vitatu kwa mstari.

Basi nikaandika upya. Nikatupa mgambo, nikatupa machozi, yule binti wa kwaya nikamwomba radhi. Kiitikio kikawa hesabu: moja umelipa, mbili umelipa, tatu umelipa, stakabadhi iko wapi? Nikazitaja siku 26 na vema 9 kama zilivyokuwa daftarini, maana niliona ukweli ndio silaha. Soko lilikipokea ndani ya siku chache. Watoto walikuwa wakimwona mkusanya ushuru wanaanza kuhesabu kwa sauti.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu sehemu hii sipendi kuisimulia.

Mimi niliitwa kwenye ofisi moja, nikakalishwa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, hakuna aliyeniuliza kitu, nikaambiwa nenda tutakuita. Hawakuniita. Nilirudi mtaani shujaa. Yule mama alihamishwa meza. Kulikuwa na watu watatu tu sokoni pale waliojulikana kuandika malipo yao, na ni mmoja aliyekuwa na 26 kwa 9. Akapelekwa mwisho kabisa karibu na mtaro, ambako mteja mwenye akili timamu hakai kula. Alikaa huko wiki tatu hadi mambo yalipopoa.

Nilipomfuata kuomba msamaha hakunigombeza. Alisema, "Ungeniambia unataka kuitaja, ningekupa hesabu ya mwezi mwingine."

Nimekuwa nikiliwaza jibu hilo miaka yote hii. Alikuwa tayari wimbo utoke. Alikuwa na njia ya kuutoa bila kuumia. Mimi tu sikumuuliza, mara ya pili. Kwa hiyo ukija kwangu na wimbo wa mtu halisi, nitakutuma urudi kwake ukamsomee mashairi kabla ya kurekodi. Muulize: hii ikipigwa, nani atakuwa wa kwanza kujua kwamba ni wewe? Badilisha siku, badilisha biashara, mfanye muuza mihogo. Ukweli wa jambo hauko kwenye namba ya meza. Na ukiona mtu anasita, iache. Msanii ana mashabiki wa kumtetea. Muuza wali ana meza.

Mnaniuliza sana kuhusu hatari kwa msanii mwenyewe. Mwaka 2017 ulitupa majibu mawili ndani ya siku kumi na kitu, na hayakufanana hata kidogo. Tarehe 26 Machi Nay wa Mitego alikamatwa Morogoro kwa ajili ya Wapo, wimbo ambao BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, nao waliufungia. Kesho yake waziri akatangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda, aachiwe, upigwe, tena aongeze mistari kuhusu wakwepa kodi. Tukashangilia, tukadhani mlango umefunguka. Tarehe 5 Aprili usiku, Roma Mkatoliki na wenzake wakachukuliwa na watu wasiojulikana wakiwa studio, Tongwe Records, Masaki. Walipatikana tarehe 8 wakiwa na majeraha.

Sina kanuni ya kukupa hapo. Hutajua mapema utapata lipi. Ninachofanya mimi ni vitu vya kawaida kabisa: hatufanyi sesheni za usiku wa manane kwa nyimbo za aina hiyo, mtu wa nyumbani kwako anajua uko wapi na unarudi saa ngapi, na namba ya wakili mmoja iko kwenye simu ya mke wangu, siyo yangu tu, kwa sababu simu yangu ndiyo ya kwanza kuchukuliwa. Halafu karatasi: jisajili BASATA, sajili kazi zako COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ujue hivyo ni vitu viwili tofauti. Huyu anahusika na kibali, yule na haki ya jasho lako. Kijana anayeimba stakabadhi huku yeye hana hata cheti kimoja ananipa shida kumtetea.

Na uwe na kazi. Mimi natengeneza simu. Mtangazaji mmoja aliwahi kuniambia wimbo wa stakabadhi ni mzuri sana, "ila ujiongeze", nami nilijua anachomaanisha: nimpe kitu ndipo aupige. Sikuwa na njaa siku ile, ndiyo maana nilichukua CD yangu nikaondoka. Siku nyingine nilikuwa na njaa.

Hiyo ilikuwa Septemba 2010, kampeni. Mgombea udiwani mmoja alinitumia mtu na laki moja na nusu. Alitaka mdundo ule ule, hesabu ile ile, ila pale pa "stakabadhi iko wapi" liingie jina lake. Kodi ya chumba ilikuwa imepita miezi miwili. Nikaimba. Siku ya tatu gari la matangazo lilipita sokoni, spika mbili juu, mimi nahesabu moja, mbili, tatu, halafu jina la mheshimiwa. Nilikuwa nimekaa pale pale nakula. Yule mama alinitazama, akaitikia taratibu kabisa, "Ndiyo mzee." Meza nzima ilicheka, na mimi nilicheka nao, maana ungefanya nini.

Sikatazi siasa. Wakubwa zetu wameingia kwa mlango wa mbele. Mr. II, Sugu, aliingia bungeni 2010 kwa tiketi ya Chadema, Mbeya Mjini. Jay akamfuata 2015, Mikumi, na nilitamani sana kuwa kwenye mkutano wake wa kwanza wa kampeni nione mtunzi wa Ndiyo Mzee anaahidi vipi mbele ya watu wanaoujua wimbo kwa moyo. Wote wawili waliangushwa 2020. Lakini ona hili: Sugu amechana kuhusu hali ya nchi tangu miaka ya tisini, na kilichompeleka gerezani, Februari 2018, miezi mitano kwa kumkashifu Rais, kilikuwa hotuba ya mkutanoni. Jukwaani kwa maiki ya muziki una mhusika wa kujificha nyuma yake. Kwenye mkutano wa siasa ni wewe mwenyewe. Ukitaka kuvuka, vuka, ila ujue ni kazi nyingine, wala si awamu ya pili ya hii. Na usiimbie mgombea kwa laki na nusu. Kama ni lazima, angalau omba zaidi.

Jambo la mwisho nalisema kila Jumamosi na hakuna anayelisikiliza: bima ya afya. Mwaka 2022 nchi nzima ilikuwa inamwombea Professor Jay, amelazwa Muhimbili, hali mbaya, figo. Mtu aliyekuwa mbunge, jina kubwa kuliko yote katika rap yetu, na bado gharama zilikuwa mjadala wa taifa. Alipona, Mungu amsaidie, na alipotoka akaanzisha taasisi ya kusaidia wagonjwa wa figo. Mimi naihesabu hiyo kama harakati yake iliyo karibu zaidi na watu, maana safari hii amekaa mwenyewe kwenye kile kitanda. Wewe na mimi tukilazwa hakuna taifa la kutuombea. Kabla ya video ya laki nane, lipia bima.

Jumamosi iliyopita alikuja kijana na wimbo kuhusu maji. Ubeti wa kwanza ulikuwa na "kilio", "kiu" na "viongozi". Nikamuuliza ndoo mtaani kwao bei gani. Hakujua, dada yake ndiye huteka. Nikamrudisha. Aliondoka amenuna, nikadhani ndiyo basi.

Jana jioni akanitumia ujumbe: asubuhi 200, jioni 500 umeme ukikatika, na mwenye pampu ni balozi wa mtaa. Dada kasema balozi tumfanye mwenye duka.

Natafuta mdundo.