Swali: Mto ukijaa, si tunapita juu ya banio tu?

*Salamu mwalimu. Sisi ni familia tatu kutoka Uvira, sasa tunaishi Cedar Rapids, Iowa. Juni tunataka kukodi mitumbwi na kayaki tushuke Mto Cedar kutoka Palo hadi mjini, watu wazima 7 na watoto 4. Wote tumekulia Ziwa Tanganyika, kuogelea si tatizo. Bwana mmoja anayekodisha vyombo anasema maji yakiwa mengi banio la mjini, yaani ule ukuta wa zege unaokatiza mto, linafunikwa, unapita juu bila kushuka, mradi upige kafi kwa nguvu. Ni kweli? Na watu wazima nao lazima wavae jaketi okozi?*

Salamu ndugu yangu. Huyo bwana msimpe hata dola moja.

Kila ikifika Mei naletewa swali hili hili, limebadilishwa nguo tu. Banio la Cedar Rapids liko katikati ya mji, chini ya daraja la barabara kuu ya I-380. Safari yenu iishie kabla yake, kwenye gati la Ellis, hata kama mwili bado una nguvu na jua bado liko juu. Hilo ndilo jibu. Sasa nieleze kwa nini, maana najua kuna kijana kwenye msafara wenu ambaye hajashawishika.

Mtu akiambiwa maporomoko anaogopa. Akionyeshwa ukuta wa zege unaozidi kidogo kimo cha mtu, anacheka. Lakini maji yakishuka pale hayaendi zake. Yanapiga mbizi hadi chini, yanaibuka hatua kadhaa mbele, kisha yanagawanyika: mengine yanafuata mto, mengine yanarudi nyuma juu juu kuelekea ukutani. Ukinaswa hapo katikati unavutwa ukutani, unazamishwa, unaibuka, unarudishwa tena. Kwenye miamba ya kawaida mto huacha upenyo pembeni. Banio limenyooka kutoka ukingo hadi ukingo, upenyo hakuna. Waokoaji wa huku wanaliita mashine ya kuzamishia watu, na wala hawatanii.

Mwaka juzi nilisimama kando ya banio moja na wanafunzi wangu. Ndani mlikuwa na mpira wa kikapu, galoni tupu la maziwa na gogo nene kama paja. Tulikaa dakika 40, tukala mikate yetu, tukaondoka tukiliacha gogo bado linabingirika. Gome lote lilikuwa limeshachunwa, limebaki jeupe kama mfupa.

Na mto ukijaa? Hapo ndipo huyo bwana anaponikasirisha. Ni kweli ukuta hufichwa na kelele hupungua. Lakini mzunguko wa chini mara nyingi hurefuka na kupata nguvu, na pale maji yanapoibukia husogea mbali zaidi, kwa hiyo eneo la kunaswa linakuwa kubwa. Ukiwa umeketi kwenye kayaki macho yako hayafiki mita moja juu ya maji. Huoni shimo. Unaona mstari ulionyooka kama rula, na miti ya mbele kama imekatwa miguu. Ukishauona mstari huo kwa karibu, umechelewa.

Kuhusu kupiga kafi kwa nguvu, fanyeni hesabu. Vipimo vya mito Marekani husomwa kwa futi za ujazo kwa sekunde, na futi moja ya ujazo ya maji ina uzito wa kilo 28 hivi. Kipimo kikisoma 5,000, ni tani 140 zinazopita kila sekunde. Kafi yako ina uzito wa kilo moja.

Tanganyika naiheshimu, ina mawimbi ya kumfundisha mtu adabu. Ila ziwa halikurudishi sehemu ile ile mara ishirini. Tena maji ya chini ya banio yamejaa hewa, ni povu, hayabebi vizuri, hata jaketi lenyewe linapungukiwa. Msinielewe vibaya: kwingine kote mtoni jaketi ndilo roho yako, hasa pale mkondo unapokusukuma kwenye mti ulioanguka, matawi yanapitisha maji na kukubakiza wewe. Sheria ya Iowa inataka jaketi moja kwa kila mtu chomboni, na mtoto wa chini ya miaka 13 alivae muda wote chombo kinapokwenda. Kwangu mimi mtu mzima asiyefunga zipu hapandi. Yale maboya ya kupulizia ya kwenye bwawa la kuogelea yaacheni nyumbani.

Juni huku ni mwezi wa mvua. Tarehe 13 Juni 2008 mto huu huu ulifika zaidi ya futi 31 pale mjini, wakati rekodi ya zamani ilikuwa 20. Kwa hiyo angalieni kipimo cha mto asubuhi ya safari, siyo usiku wa kuamkia. Kikiwa kinapanda, au maji yana rangi ya chai ya maziwa na yanabeba matawi, ahirisheni.

Baadhi ya miji imechoka kuzika watu. Charles City, huko juu kwenye mto huu huu, iligeuza banio lake kuwa mteremko wa mawe mwaka 2011. Lakini mabanio ya zamani bado yako mengi Iowa, Illinois, Ohio na Indiana, na alama zake hung'olewa na mafuriko. Ramani za Idara ya Maliasili ya Iowa zinayaonyesha. Tieni duara kila moja kabla ya kufunga mitumbwi juu ya gari.

Na mwenzenu akinaswa, msimfuate majini. Mei 2006, kwenye Mto Fox kule Yorkville, Illinois, mtu wa kayaki alinaswa chini ya banio. Ndugu wawili wakaingia kumwokoa. Walikufa wote watatu. Mrushieni kamba mkiwa nchi kavu, pigeni 911, namba ya dharura, na neno la kwanza kabisa mnalowaambia liwe kwamba mtu yuko kwenye banio, ili waje na vifaa vyake.