Lile godoro

Mwanangu,

Umeniuliza: kwa C ya Fizikia, D ya Kemia na C ya Hesabu, uombe uhandisi Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au DIT, ile Taasisi ya Teknolojia? Kwa NECTA, Baraza la Mitihani, hizo ni pointi 10, Divisheni Two. Kwa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, zinageuka 8, maana kule A ni 5, si 1 tena. Sifa za kuomba unazo kote. Ushindani ni habari nyingine. Alama humfikisha mtu getini, nimekwambia tangu uko darasa la saba.

Ninachowaza mimi ni somo linavyokuingia. Mkesha wa Idi ulifumua cherehani ya mama yako, ukapanga skrubu juu ya kanga yake, naye akakaribia kulia. Saa sita usiku ikashona. Hukusoma popote.

Mimi nami ni wa mikono, ila chuo nilikichagua kwa jina. Ukumbi ulijaa, mhadhiri katupa mgongo, anaandika anafuta. Nilipiga msuli, nikameza madesa, zile notisi za wenzangu, nikaambulia sapu mbili, yaani mitihani ya marudio. Nikarudia, nikadisko, chuo kikanirudisha nyumbani.

Godoro unalijua, lile la chumba cha wageni. Ambalo sijakusimulia ni kwamba nilishuka nalo kwenye basi, nimelikunja na kulifunga kamba ya katani, bibi yako akanipokea stendi: "Likizo imewahi mwaka huu?" Nikamjibu, "Ndiyo, mama." Akalishika upande mmoja, tukalibeba hadi nyumbani hatusemi kitu. Nani huenda likizo na godoro? Mpaka anafariki hakuniuliza tena, na hilo ndilo linaniuma kuliko disko lenyewe.

Lakini nisikutishe kwa uvivu wangu. Sikuwahi kumfuata mhadhiri hata mmoja ofisini. Mlimani nako kuna karakana, na DIT nako Hesabu haikwepeki. Wapo waliokaa kwenye ukumbi uleule wakatoka wahandisi. Walifika getini na alama kama zangu, wengine chini yangu.

Basi, chuo sikutajii. Mama yako amenikataza, anasema nikitaja utakwenda kunifurahisha mimi. Ukinibana... hapana.

Nauli ya Dar nimeituma jana. Pita kote kabla dirisha la udahili halijafungwa. Kule Mlimani omba ruhusa ukae ukumbini safu ya nyuma kabisa, uone kama unasikia.

Baba