Jibu: Gari la zamani linagoma kuwaka likiwa la moto

Mkuu, umesema betri ni mpya, asubuhi gari linawaka bila shida, ila ukilizima likiwa la moto unasikia "tik" moja tu, na baada ya nusu saa linakubali. Usikimbilie kununua stata (mota inayozungusha injini iwake).

Pima betri gari likiwa limezimwa, volti 12.6 hivi inatosha. Kisha subiri ligome, maana kulipima wakati linawaka vizuri ni kupoteza muda. Weka gia huru na breki ya mkono, mwenzako apige stata, wewe gusisha waya mmoja wa kipima volti kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye chuma cha injini. Ikizidi nusu volti, waya wa arthi (unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye injini) una tatizo. Kutu hujificha ndani ya waya hizi za zamani, nje unauona mzima kabisa! Rudia upande wa chanya, hadi kwenye nati kubwa ya stata.

Nyaya zikiwa safi, igonge stata taratibu mwenzako akiwa ameshika ufunguo. Ikizunguka, kaboni (vipande vinavyopitisha umeme ndani ya stata) zimeisha au solenoidi (swichi ya umeme ya stata) imeungua ndani. Kaboni hubadilishwa peke yake, fundi asikudanganye.