Mruhusu tu dada, kambi ya skauti haitamdhuru

Dada umeuliza mtoto wako wa miaka 11 anaapishwa skauti halafu wanaenda kambi siku 2 kando ya ziwa, umruhusu au la. Mi nasema mruhusu, ila mwambie kiongozi wao asithubutu kuwaacha wachezee maji, ziwa letu lina kichocho, na mamba nao wapo. Chandarua lazima.

Kuhusu ile salamu ya mkono wa kushoto iliyokuudhi, sio ukosefu wa adabu, ndo salamu ya skauti dunia nzima. Mi nilivyoapishwa nikarudi nyumbani nikampa bibi wa Kisukuma mkono wa kushoto, weee nilichezea kofi! Na vile vidole vitatu wanavyoinua wakiapa ni ahadi yenyewe: Mungu na nchi, kusaidia watu, kutii sheria ya skauti.

Kambi yetu ya kwanza tulifunga hema hovyo, usiku upepo wa ziwani ukalibeba lote tukabaki tumekaa juu ya jiwe na sufuria la dagaa limejaa mchanga, tukala hivohivo. Mpakie na sweta.