Kuitwa na wakala wa kazi za muda "kuzungumza kidogo"

Ndugu muulizaji, umeitwa na wakala wa ajira za muda "kuzungumza kidogo tu", nawe unataka kujua kama huo ni usaili. Ndiyo, ni usaili, ingawa huenda usikute jopo wala maswali ya kukutega kuhusu ndoto zako za miaka mitano ijayo.

Wakala anataka kujua anaweza kukupeleka kwa mteja gani, yaani kampuni inayohitaji wafanyakazi, bila yeye wakala kuaibika. Kwa hiyo maswali mengi yatahusu mambo ya utendaji: unaweza kuanza lini, je, uko tayari kwa zamu za usiku, utafikaje kazini alfajiri, na kwa nini uliacha kazi iliyopita. Jibu kwa ukweli, hasa kuhusu muda wako, kwa kuwa anayekubali zamu zote kisha akakosa kufika siku ya kwanza kwa kawaida hapigiwi simu tena. Unaweza pia kupewa jaribio fupi la kuchapa au la hesabu. Beba vitambulisho, vyeti na majina ya wadhamini.

Nawe uliza nani atakulipa, wakala au kampuni utakayopelekwa, na saa za ziada zinahesabiwaje. Ukitakiwa kulipa ada ya kuandikishwa, sita kwanza: Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka kanuni kwamba mtafuta kazi hatozwi, ijapokuwa unaruhusu vighairi vichache.

Kuhusu mavazi, nguo nadhifu zinatosha. Suti si lazima.