Barua kwa mwanangu: Doto na mizani

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Mjukuu wangu ana miaka 11, amerudi na The Giver ya Lois Lowry kutoka shuleni, nawe unaniuliza umwache aisome au umfichie kwanza kwa sababu ya ile sehemu ya mapacha.

Kitabu hicho kilitoka mwaka 1993, na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya vitabu vya watoto ya Newbery huko Marekani, kwa hiyo waliokipima ni wengi na wamesoma kuliko mimi. Lile tofaa linalobadilika hewani mbele ya macho ya Jonas, yule mvulana wa kitabu, kumbe ameanza kuona wekundu, nalikumbuka. Kuteleza kwenye theluji nako nakukumbuka. Lakini mtu akikitaja tu, mimi namwona baba yake Jonas, mlezi wa watoto wachanga, akiwa mbele ya mizani.

Katika jamii yao mapacha wanaofanana hawabaki wawili. Basi anawapima. Wa kwanza ratili 6 kamili, anasifiwa. Wa pili ratili 5 na wakia 10, anataniwa udogo wake. Kisha anamchoma sindano kichwani, huku anambembeleza kwamba anajua inauma, ila mishipa ya mikono bado midogo mno. Mtoto analegea, anatiwa kwenye boksi, boksi linaingia kwenye tundu la taka, na baba anamwambia kwaheri.

Ratili 5 na wakia 10 ni kama kilo 2.55. Wodini nilikokuwa nikifanya kazi mstari ni kilo 2.5, kwa hiyo huyo hata uzito pungufu hana! Angevalishwa kofia, akapewa ziwa. Walio chini ya hapo, njiti wenyewe, tunawafunga kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na wanakua. Na mshipa wa kichwani ndio huo huo niliokuwa nautafuta mimi mikono ikigoma, kwa maneno hayo hayo ya kubembeleza. Mwandishi alijua anachokisema.

Sasa ile jioni. Umeme umekatika, wewe unasoma karibu na chemli na kututafsiria, mjomba wako Doto anakula ugali na dagaa. Nilishasema na nasema tena: kitabu cha mtoto kisomwe kwa sauti, sebuleni, watu wakiwapo. Ulipofika kwenye boksi, Doto akasimamisha tonge. "Aliyetupwa ni yupi? Mdogo?" Ukasema ndiyo. "Alikuwa na kilo ngapi?" Nikampigia hesabu. Akasema, "Mimi mama aliniambia sikufika hata mbili," akanawa, akatoka nje. Doto huyu huyu aliyevunja kiti cha kukodi kwenye harusi yako! Dagaa wake wakabaki kwenye sahani, na hakuna aliyethubutu kuwagusa.

Nilimchukia yule baba. Halafu nakumbuka ndiye aliyekuwa akimleta kichanga Gabriel nyumbani usiku kwa sababu mtoto hakui vizuri, na jina lake akalichungulia kabla halijatangazwa, kinyume cha sheria. Mtu mbaya hafanyi hivyo. Utasema hakufundishwa kifo ni nini. Sawa, lakini macho si anayo? Ameona mtoto analegea. Hapana, sikubali. Ingawa na sisi wodini tulikuwa na taratibu ambazo hakuna aliyeziuliza zilitoka wapi, basi niishie hapo.

Asubuhi Doto alirudi akiwa amekunja uso, akaketi, akakwambia, "Endelea." Ungekuwa umejifungia chumbani na kitabu chako, angeyajua wapi hayo? Ndiyo maana nasema kwa sauti, sebuleni.

Umwache au umfichie? Mtoto ni wako, nisije nikaambiwa bibi kaingilia. Ulimi unaniwasha, lakini kunyamaza kwangu kuwe heshima kwa mkwe wangu. Akisoma, mkiwa kwenye mapacha nipigieni, mniweke kwenye spika.

Jambo lingine. Doto mpaka leo anabisha kwamba Jonas na Gabriel walifika, wakati mimi nilisema baridi iliwaua kwenye ule mlima. Mwandishi ameandika vingine baadaye, cha mwisho mwaka 2012, na humo wote wawili wako hai. Mjomba wako bado hajui. Mwambie wewe, maana kwangu atadai fidia ya miaka yote ile ya mabishano, na sherehe juu yake.

Mama yako